Fundi wa Makochi Aliyepiga Besi Nyakabanda

Habari nilizipata sokoni Kimironko, hapa Kigali, nikiwa nimesimama mbele ya cherehani ya fundi anayenipunguzia suruali. Simu iliita, nikaona ni rafiki yangu mmoja mpiga ngoma, na kabla sijaitikia nilijua kuna jambo, kwa sababu bwana yule hana desturi ya kupiga simu asubuhi. Asubuhi huwa dukani kwake, upande wa pili wa soko hilo hilo, akipimia wateja vitambaa. "Muzehe amekwenda," aliniambia; Muzehe, yaani mzee, ndivyo tulivyomwita fundi wa makochi aliyepiga naye muziki. "Ni sasa hivi. Niko hapa hospitali na mama, mke wake. Nimesema nikuambie mimi, kabla haujasikia kwa watu." Nilimwuliza kama kuna la kusaidia. Akasema hakuna, labda baadaye. Fundi wa cherehani aliinua kichwa akaniuliza kama asubiri au aendelee kukata. Nikamwonyesha kwa mkono aendelee.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanivumilia. Safu hii ilianzishwa izungumzie mambo ya mji: barabara, bei ya nyanya, majirani, shule za watoto. Siku hizi imegeuka kuwa mahali pa kuagia watu, na kila ninapokaa kuiandika kwa ajili hiyo mkono unakuwa mzito. Si huzuni peke yake. Ni uchovu wa mtu anayejisikia akisema jambo lile lile mwaka baada ya mwaka, na kinachobadilika ni marehemu tu. Leo hata jina sitaliandika. Mwenyewe hakupenda lionekane. Kwenye mabango ya maonyesho ya kundi lake la muziki, yale machache yaliyowahi kuwapo, aliomba waandike jina la kundi basi. Wanaomjua watamtambua. Wasiomjua hawatapungukiwa kitu, kwa sababu ninalotaka kulisimulia ni yale aliyoyafanya.

Alikuwa fundi wa makochi Nyakabanda, na ndivyo tulivyofahamiana. Nilimpelekea kochi ambalo sponji yake ilikuwa imekufa, mtu akikaa anakutana na mbao. Karakana yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vyakula. Chumba cha mbele kilikuwa na mifupa ya makochi, meza ya kukatia vitambaa na cherehani kubwa ya kushonea ngozi; cha nyuma kilijaa sponji kutoka sakafuni mpaka darini. Siku niliyorudi kuchukua kochi langu nilisikia sauti ikitoka huko nyuma, nzito, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Nikachungulia. Fundi wangu alikuwa amekaa juu ya rundo la sponji na gitaa la besi mapajani, misumari midogo ya kukazia vitambaa ikiwa bado imebanwa midomoni. Karibu yake mwanamume wa makamo alikuwa nyuma ya ngoma, na mwanamke kijana alikuwa ameinamia inanga, kile chombo chetu cha zamani chenye nyuzi zilizotandazwa juu ya mti uliochongwa kama sinia refu. Ila inanga hii ilitoka waya, na waya uliingia kwenye spika. Walikuwa wakipiga kitu ambacho sikuweza kukihesabu. Kila nilipodhani nimelishika pigo, lilinitoka. Walipomaliza, fundi alitoa misumari mdomoni akanieleza kwa nini wanafanyia mazoezi mle. Kigali ni mji usiopenda kelele, jirani akilalamika tu spika zinachukuliwa. Sponji ilimeza sauti yote. "Humu tunapiga mpaka tunachoka," aliniambia, "na mwenye duka la mbele anafikiri tunashona."

Nilianza kwenda pale siku za Jumamosi, mwanzoni kwa udadisi, baadaye kwa mazoea. Fundi alizaliwa Bujumbura, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, akakulia mtaa wa Buyenzi huko huko, na huko ndiko alikopata vitu vyake vitatu: Kiswahili, ufundi wa makochi, na besi, ambayo aliipiga katika bendi za arusi akiwa bado kijana. Alirudi nyumbani akiwa mtu mzima, kwenye nchi aliyoijua kwa kusimuliwa tu. Mpiga ngoma ni Mwislamu wa mji huu huu, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa hapa akabaki. Walifahamiana dukani, mmoja akinunua vitambaa vya makochi na mwingine akigonga meza kwa vidole huku akingoja mteja aamue rangi. Mwanamke alikuja mwisho. Inanga alifundishwa na babu yake kijijini, na sasa anafundisha watoto muziki shuleni na anaishi Kagugu na mama yake. Alikuwa na Kinyarwanda chake na Kiingereza cha shule. Kiswahili alijifunza kwa wale wawili, katikati ya makochi, na mpaka leo kuna maneno ya ufundi anayoyatumia kueleza muziki. Akitaka pigo likazwe husema "vuta kitambaa."

Wenyewe waliuita muziki wao jazi, kwa sababu bango lazima liandikwe kitu. Ndani yake kulikuwa na jazi kweli, na rumba ya Bujumbura, na nyimbo za ng'ombe za babu wa yule binti, na dufu za maulidi alizokulia nazo mpiga ngoma, lakini hakuna kilichokuwa kimekaa kama watu walivyokizoea. Hawakuimba. Muziki wao haukuchezeka. Nakumbuka arusi moja ambayo walialikwa na bwana harusi aliyewahi kuwasikia na kuwapenda. Walikaa pembeni ya ukumbi wakaanza. Watu walikula, wakasalimiana, wakapiga picha. Baada ya muda mrefu baba wa bibi harusi, mzee mwenye suti nzuri na adabu nyingi, alikwenda mpaka walipo akamwinamia fundi. "Samahani ndugu zangu," alisema, "sasa nyinyi mutaanza saa ngapi? Watu wamekwisha kukaa." Alidhani muda wote huo walikuwa wakijaribu vyombo. Mpiga ngoma aliangalia chini, na binti akauma mdomo. Fundi alimjibu kwa heshima ile ile: "Tunaanza sasa hivi, mzee. Asante kwa kutungojea." Mzee akarudi kukaa ameridhika, nao wakaendelea na wimbo ule ule kuanzia pale walipoukatia. Njiani kurudi niliwauliza kama iliwauma. Fundi alifikiri kidogo. "Hapana," alisema. "Yule mzee ametusikiliza. Aliona kuna kitu bado hakijafika. Wengine hata hilo hawakuliona."

Kisha ukaja ugonjwa. Alikuwa karakanani akivuta kitambaa juu ya mgongo wa kiti, akaanguka. Mke wake, anayeuza mkaa hatua chache kutoka pale, ndiye aliyeitwa kwanza. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akitembea kwa kuburuta mguu kidogo, mdomo umenyooka, maneno yamerudi yote, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umebaki na vidole viwili tu vinavyotii. Kwa kazi ya makochi alipata njia: alifunga kitambaa kwa vibanio, akawa anafanya polepole kazi ndogo ndogo, viti vya kulia chakula na mito. Kwa besi hapakuwa na njia. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi; vidole viwili vinavyochelewa haviwezi kukimbia. Wenzake walikwenda kumwona kila Jumamosi, wakakaa kwenye sponji, wakanywa chai, na hakuna aliyegusa chombo. Hali hiyo ilidumu miezi. Nilikuwapo siku alipochoka nayo. Alichukua besi, akaiweka mapajani, akabana uzi mmoja, akaupiga. Sauti ikaenda, ikafa. Akatafuta mahali pengine pa kubana, vidole vikisitasita, akapata, akapiga. Binti hakungoja kuambiwa. Alivuta inanga yake, akaanza kupiga uzi mmoja mmoja katika zile nafasi ndefu, na mpiga ngoma akashika brashi za ngoma, zenye sauti laini, badala ya fimbo.

Kuanzia siku hiyo walizitengeneza upya nyimbo zao zote. Usidhani lilikuwa jambo tamu. Mpiga ngoma ni mtu wa haraka, na kungoja kulimkera mpaka akawa anatoka nje kuvuta pumzi. Binti alikuwa ametunga sehemu nyingi za zile nyimbo, akaziona zikivuliwa nguo moja baada ya nyingine. Fundi mwenyewe kuna siku aliweka chini besi akasema kwamba wanampigia kama mtu anayelishwa uji. Lakini walirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Walipoanza tena kupiga mbele ya watu, kwenye bustani ya mgahawa mmoja Kagugu, bwana mmoja msomi alisimama akawapongeza kwa ukomavu wao, akasema wamejifunza thamani ya kunyamaza. Watu wakapiga makofi. Mpiga ngoma aliniinamia sikioni. "Si kunyamaza," alisema. "Ni mkono unatafuta mahali."

Mwaliko ulifika wakati huo. Mgeni mmoja aliyepita Kigali kabla ya ugonjwa alikuwa amewasikia, akarudi kwao Ulaya asiwasahau, na sasa tamasha analolisimamia lilikuwa likiwataka, tiketi na malazi juu yao. Alizitaka zile nyimbo alizozisikia, za haraka, kama zilivyokuwa. Barua pepe ilimjia binti. Aliisoma karakanani kwa sauti, akaitafsiri, na alipomaliza akaanza kukaza uzi wa inanga ambao ulikuwa umekazwa tayari.

"Mimi siendi," mpiga ngoma alisema. "Kundi ni watu watatu. Muzehe kama haendi, kundi haliendi."

Fundi alikuwa akijaza mto sponji kwa mkono mmoja. Hakuinua macho. "Nani amesema kundi haliendi?"

"Unaweza kupiga zile?"

"Hapana. Siwezi. Lakini yuko yule ndugu Mkongomani anayepiga kanisani. Yeye anaweza."

"Mimi sitaki Mkongomani. Nakutaka wewe."

Fundi aliuweka mto kando. Nilimfahamu kama mtu wa sauti ya chini, na hata siku hiyo hakuipandisha, lakini aliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia. "Wewe una duka," alimwambia. "Mimi nina makochi. Huyu binti inanga ndiyo kazi yake. Babu yake hakumwachia shamba, amemwachia hiyo. Leo mlango umefunguka, na wewe unataka usimame mlangoni kwa sababu ya mkono wangu."

"Si kwa sababu ya mkono. Ni kwa sababu yako."

"Basi kama ni kwa sababu yangu, nisikilize. Mukibaki hapa, kila Jumamosi nitaangalia nyuso zenu na nitajua ni mimi niliyewabakisha. Mkono nimeuzoea. Hiyo sitaizoea."

Binti alikuwa akilia bila sauti. Sidhani kulia kule kulikuwa kwa sababu moja. Alitaka kwenda, na hakutaka kutaka.

Yule Mkongomani alikuja, mtu wa Goma, mpole, mwenye vidole virefu na heshima ya watu wa kwao. Alimwita fundi Papa tangu salamu ya kwanza. Kazi ya kumfundisha ilikuwa ya fundi mwenyewe, na kwa kuwa mkono haukuweza kuonyesha, alionyesha kwa mdomo. Alikaa kwenye sponji akaimba mistari ya besi aliyoitunga akiwa mzima, pigo baada ya pigo, na mgeni huyo wa Goma akaitafuta kwenye gitaa. "Hapana, hapo umefika mapema," alikuwa akimwambia. "Rudi." Na mgeni akarudi. Kuna mstari mmoja wa mbio, ulioshuka kama mtu anayekimbia ngazi, ambao fundi alijivunia sana enzi zake. Mgeni alipoupata, aliupiga safi kuliko fundi alivyowahi kuupiga, na kila mtu mle chumbani alilisikia hilo. Mgeni akasimamisha nyuzi kwa kiganja, ameona haya. "Papa, minapiga mubaya?" aliuliza. Fundi alimwambia, "Hapana, mwanangu. Ni hapo hapo. Usiupoteze." Kisha akaomba msamaha, akaenda mbele kuangalia gundi.

Walikwenda bila fundi, wakapiga, wakashangiliwa, wakarekodiwa, wakarudi. Safari yenyewe siijui, na wao hawakupenda kuisimulia. Ninachojua ni alichoniambia binti miezi mingi baadaye. Alisema yule ndugu alipiga kila kitu sawasawa, hana neno naye. "Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea kungoja," alisema, "na kule hakukuwa na kitu cha kungoja. Kila mahali palikuwa pamejaa. Nilipiga vizuri, lakini nilikuwa peke yangu." Aliporudi Kigali hakwenda Nyakabanda. Jumamosi ya kwanza alisema amechoka na safari. Ya pili alisema mama anaumwa. Mpiga ngoma alikwenda peke yake, akakaa, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata fundi alifunga karakana, akabeba besi mgongoni, akatoka barabarani kutafuta pikipiki ya kumpeleka Kagugu. Kutoka Nyakabanda mpaka Kagugu ni kuvuka mji mzima na milima yake. Mwenye pikipiki wa kwanza alimwangalia ule mkono akakataa. "Muzehe, hauwezi kushika. Ukianguka, polisi watanishika mimi." Wa pili alikataa pia. Wa tatu alikubali kwa sharti kwamba wafunge mkono wa kushoto kwenye mkanda wa koti lake, na ndivyo walivyokwenda, mzee amefungwa kwa dereva kama mzigo wa ndizi. Mama wa binti ndiye aliyefungua geti. Binti alipotokea, fundi alikuwa bado anafunguliwa.

"Hukuja," alimwambia. "Unaumwa?"

"Hapana, Muzehe."

"Mlipiga vizuri kule?"

"Vizuri."

"Basi. Leta inanga."

Hakuuliza lingine, siku hiyo wala baadaye. Walipiga sebuleni, zile nyimbo za polepole, mama akipita na chai. Binti anasema kwa wimbo wote wa kwanza fundi alikuwa akikosea pa kubana kwa sababu ya uchovu wa barabara, na kila alipokosea yeye alingoja. Anasema katika kungoja kule alisikia kwamba amesamehewa jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kama ni kosa.

Hakuna tamasha lingine lililowaita. Yule msimamizi aliandika mara moja kuuliza kama wana nyimbo mpya. Walimtumia walichokuwa nacho, hakujibu. Mgahawa wa Kagugu ulipata mmiliki mpya, bustani ikawa maegesho ya magari. Waliendelea Nyakabanda kwa miaka, mbele ya sponji na mbele yangu, na wakati mwingine mbele ya mteja aliyekuja kuchukua kiti chake akaona aibu kuondoka katikati ya wimbo. Nimeulizwa mara nyingi, nilipowataja kwenye safu hii, muziki ule uliwasaidia nini. Ni swali la mji wetu wa leo, na silidharau. Tumejenga, tumesafisha, tumenyoosha barabara, na mtu aliyelelewa kwenye shida ana haki ya kuuliza kila kitu kinaleta nini nyumbani. Lakini nimelisikia mno swali hilo, na nimegundua kwamba tunawauliza walio hai tu. Mtu akifa hatumwulizi tena. Tunampa sifa.

Alipewa. Alizikwa baada ya misa, na baada ya maziko tulikusanyika kunawa mikono kama ilivyo desturi, chini ya hema karibu na nyumbani kwake. Alisimama mtu mmoja mwenye cheo akasema taifa limepoteza hazina. Sijawahi kumwona Nyakabanda. Kisha mpwa wa marehemu, aliyekuwa akiongoza shughuli, akatangaza kwamba sasa tutamsikia mjomba mwenyewe. Akachomeka simu kwenye spika.

Mnajua simu zetu zilivyo. Video zote alizopigwa fundi kwa miaka yote hiyo zina ngoma na zina inanga, lakini besi haisikiki. Simu haziishiki sauti ya chini namna ile. Rekodi pekee iliyo safi ni ile ya tamasha. Hiyo ndiyo aliyoipata mpwa, naye hakujua anayepiga ni nani. Ilipoanza, besi ikaingia imejaa, ikashuka ule mstari wa ngazi, na watu wakaanza kulia. Shangazi mmoja alisema, "Huyo ndiye yeye." Niliwaangalia wanaojua. Mpiga ngoma alikuwa ameshika magoti na nilimwona akitaka kusimama. Binti aliweka mkono wake juu ya wake, akatikisa kichwa kidogo, naye akabaki. Mkongomani alikuwa kiti cha nyuma. Alikuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua, na alikaa hivyo wimbo wote, akisikia vidole vyake vikililiwa kwa jina la mtu mwingine.

Nilidhani mjane hajui. Watu walipoanza kutawanyika nilimwona akipita katikati ya viti, akisimamishwa na kila mtu, mpaka akafika kwa yule ndugu. Mkongomani alisimama akaanza kuomba radhi, akasema angewaambia lakini hakuona pa kuanzia. Mama alimshika mikono yote miwili.

"Nilikuwa natoa mkaa nje siku alipokuwa anakufundisha," alisema. "Nilisikia yote. Asante kwa kumpigia."

"Mama, ni yeye alinionyesha pa kuweka."

"Najua, mwanangu. Ndiyo nasema asante."

Nimerudi nyumbani nikakaa na maneno hayo, na yamenifariji kidogo, si sana. Ni kweli kwamba kazi ya mtu inaweza kubaki kwenye mikono ya mwingine, na pengine ndivyo kazi zote zinavyobaki. Lakini muziki ule wa mwisho, wa vidole viwili, ambao mimi naona ndio uliokuwa bora, haukubaki popote. Hakuna aliyeurekodi. Tulikuwapo watu wachache, tukausikia, na tutakapoondoka sisi utakuwa umekwisha. Mwenye nyumba ya Nyakabanda amekwisha kuwaambia kwamba anataka kujenga ghorofa, sponji ziondolewe. Mpiga ngoma na binti hawajui watakutana wapi, wala kama watu wawili ni kundi. Nilipowauliza, mpiga ngoma alisema, "Tutaona." Ni jibu la mtu aliyechoka, na sikutaka kumdai lingine.

Sina cha kuwafundisha wasomaji wangu ila hili, na nalisema nikijua nitalisema tena. Mtaani kwenu yuko mtu anayefanya jambo msilolielewa. Hahitaji mlielewe, wala hahitaji hotuba. Nenda Jumamosi moja, tafuta pa kukaa, umsikilize mpaka amalize, kisha urudi nyumbani kwako. Akifa, utakuwa na cha kukumbuka ambacho hakikutoka kwenye spika.